Presha kwenye ujauzito na kifafa cha mimba: nini ufanye, wiki gani, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa ajili ya mama kijacho, na mume wake, na mama mkwe au dada anayekaa nae nyumbani, maana huu ugonjwa mara nyingi anayeuona wa kwanza sio mwenye mimba, ni yule wa pembeni anayeshangaa mbona leo uso umevimba hivi na mbona anajibu taratibu kama hayupo. Nitaeleza vitu ambavyo utafiti umeshavithibitisha na ambavyo vinawezekana kwenye kliniki zetu, na kwa kila kimoja nitasema kinafanyika lini. Hilo la lini ndo naliwekea mkazo kuliko yote, kwa sababu aspirini ileile inayomkinga mama akianza wiki ya 13, akija kuianza wiki ya 28 kazi yake ni ndogo sana, na ndo hivo hivo kwa kalsiamu na hata kwa kupima presha yenyewe.

Kabla ya hatua, tuelewane majina. Presha ikiwa 140 kwa juu au 90 kwa chini, au zaidi ya hapo, na ikarudiwa kupimwa baada ya masaa 4 bado iko hivo, hiyo ni presha ya kupanda. Ikigundulika kabla ya mimba au kabla ya wiki ya 20 tunasema ni presha ya siku nyingi, ulikuja nayo. Ikianza baada ya wiki ya 20 peke yake bila kitu kingine, hiyo ni presha ya mimba. Ikianza baada ya wiki ya 20 na ikaja na protini kwenye mkojo, au ikaanza kugusa figo, ini, damu, mapafu au kichwa, hapo ni prieklampsia. Na mama akidondoka degedege, hicho ndo kifafa cha mimba chenyewe. Watu wengi mtaani wanaita vyote hivi kifafa cha mimba na sio mbaya, ila ujue degedege ni hatua ya mwisho, kabla yake kuna wiki kadhaa au hata siku chache tu ambazo mtu angeweza kuokolewa mapema.

Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi inayolisha kondo inatakiwa itanuke miezi ya mwanzo, kwa baadhi ya wanawake haitanuki vizuri, kondo linakosa damu ya kutosha, alafu linaanza kumwaga protini kwenye damu ya mama zinazoharibu kuta za mishipa yake mwili mzima. Mwaka 2003 timu ya daktari Ananth Karumanchi kule Boston, Marekani, ilionyesha protini moja inayoitwa sFlt-1, wakawawekea panya wenye mimba na wale panya wakapata presha na protini kwenye mkojo kama binadamu kabisa. Ndo maana nawaomba sana, dada akianguka degedege msimpeleke kwanza kwenye maombi au kwa mganga mkisema ni mapepo. Omba ukiwa ndani ya gari kuelekea hospitali, hakuna anayekukataza.

Hatua ya 1: Anza kliniki kabla ya wiki ya 12

Najua wengi tunaficha mimba mpaka ionekane yenyewe, tunaogopa macho ya watu. Kliniki sio watu, nenda. Kuna sababu ambayo haisemwi sana: presha ya kila mjamzito kawaida inashuka kidogo kuanzia miezi ya mwanzo na katikati ya mimba, alafu inapanda tena mwishoni. Sasa mama mwenye presha ya siku nyingi ambaye hajui kama anayo, akianza kliniki wiki ya 22 anaweza kukutwa na 125/80, nesi anaandika safi, alafu wiki ya 31 inakuwa 150/95 na hakuna mtu anayeweza kusema hii ni ya zamani imerudi au ni prieklampsia imeanza. Namba ya mwanzo kwenye kadi ndo inayotatua huo ubishi.

Kingine ni umri wa mimba. Andika siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na kama unaweza fanya ultrasaundi miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu ikifika siku madaktari wanaamua mtoto atolewe leo au asubiri, tofauti ya wiki 33 na 36 ni kubwa mno na ultrasaundi ya mwishoni haiwezi kuisema kwa uhakika. WHO tangu 2016 wanapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8, sio yale 4 ya zamani, na mengi yamepangwa mwishoni mwa mimba ambako ndo presha inapenda kutokea.

Hatua ya 2: Jipime kama uko kwenye kundi la hatari

Hii unaweza kuifanya ukiwa umekaa sebuleni. Ukiwa na hata kimoja kati ya hivi, wewe uko kwenye hatari kubwa: uliwahi kupata prieklampsia au kifafa mimba iliyopita, una presha ya siku nyingi, kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi au ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili, au umebeba mapacha.

Alafu kuna hatari za kati, hizi unahesabu, ukiwa na mbili au zaidi unawekwa kundi moja na wale wa juu: ni mimba yako ya kwanza, umri umevuka 35 (Waingereza wao wanahesabu kuanzia 40), mwili mnene sana, mama yako mzazi au dada yako wa damu aliwahi kuwa nayo, au imepita zaidi ya miaka 10 tangu uzae. Hilo la mama na dada wengi hawalijui kabisa kwa sababu nyumbani hatusimuliani, kwaiyo mpigie mama muulize, “mama, ulivyokuwa na mimba yetu presha ilikusumbua?” Na bibi aliyesema mtoto wake alizaliwa mapema kwa sababu ya “kuvimba”, hilo nalo liandike.

Ukienda kliniki usisubiri kuulizwa, foleni ni ndefu na nesi yuko peke yake. Mwambie mwenyewe: dada nesi, mimi mimba iliyopita nilikuwa na presha, naomba uandike kwenye kadi.

Hatua ya 3: Aspirini ya dozi ndogo, kwa walio kwenye hatari

Utafiti wa ASPRE uliotoka 2017 uliwachukua wanawake 1,776 waliokutwa na hatari kubwa, nusu wakapewa aspirini miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 mpaka 14 hadi wiki ya 36, nusu vidonge visivyo na dawa. Prieklampsia inayokuja mapema, yani kabla ya wiki ya 37, iliwapata 1.6% ya waliokunywa aspirini na 4.3% ya wale wengine. Lakini ile inayokuja mimba ikiwa imeshakomaa haikupungua kivile, na ni vizuri kulijua hilo, umeze aspirini na bado upimwe presha kila hudhurio.

Na msidhani hizi ni habari za wazungu tu. Utafiti mwingine mkubwa uliochapishwa 2020 ulifanyika Kenya, Kongo, Zambia, India, Pakistan na Guatemala, wanawake karibu 12,000 wenye mimba ya kwanza, aspirini miligramu 81 kila siku kuanzia kabla ya wiki ya 14. Watoto njiti walipungua kutoka 13.1% hadi 11.6%. Inaonekana ndogo lakini ni dawa ya bei rahisi kuliko soda, nikifikiria wodi za watoto njiti zinavyojaa naona hiyo asilimia moja na nusu ni vitanda vingi.

Jinsi ya kuifanya: muulize daktari au nesi mapema, wiki ya 12 hivi, na isizidi wiki ya 16 kabla hujaanza. Dozi zinazotumika ni kati ya miligramu 75 na 150 kwa siku, usiku. Soma boksi vizuri maana dukani kuna aspirini ya 300 ya maumivu na hiyo sio yenyewe. Usianze kimya kimya kama una vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na aspirini, au tatizo la damu kutoganda. Na kama huna hatari yoyote huna sababu ya kuimeza.

Hatua ya 4: Kalsiamu

Hapa Dar es Salaam imeingia kwenye historia na sijui kwanini hatujisifu. Zamani ushauri ulikuwa gramu 1.5 mpaka 2 za kalsiamu kwa siku kwa wanawake ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo, ndo sisi wengi, lakini hiyo ni vidonge vikubwa mara tatu kwa siku, na kwa serikali ni gharama, kwaiyo nchi nyingi hazikugawa kabisa. Watafiti wakauliza, je miligramu 500 tu zingetosha? Wakachukua wanawake 11,000 Tanzania na 11,000 India, wote mimba ya kwanza, wakaanza kabla ya wiki ya 20. Majibu yalitoka mwanzoni mwa 2024: Tanzania prieklampsia ilikuwa 3.0% kwa waliokunywa 500 na 2.7% kwa waliokunywa 1,500, India 3.0% na 3.6%. Kwa kinga ya prieklampsia dozi ndogo haikuwa dhaifu kuliko kubwa. Maana yake kidonge kimoja kwa siku kinabebeka.

Kalsiamu na vidonge vya damu usivimeze pamoja, vinagombania kuingia mwilini. Meza kimoja asubuhi kingine jioni. Na chakula nacho: dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa, mtindi.

Sasa vile visivyofanya kazi. Vitamini C na E kwa dozi kubwa zilijaribiwa vizuri sana kwa maelfu ya wanawake na hazikuzuia prieklampsia. Kuacha chumvi kabisa hakuizuii. Kulazimishwa kulala kitandani miezi hakuizuii pia. Vidonge vya kukojoza maji mwilini ili uvimbe upungue, usijinunulie hata siku moja.

Hatua ya 5: Hakikisha presha inapimwa vizuri

Hapa naomba mtu asome taratibu, maana kipimo kibaya kinaweza kukupeleka wodini bure, au kibaya zaidi kikakurudisha nyumbani ukiwa mgonjwa.

Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, egemea, miguu yote miwili chini, usikunje nne. Pumzika dakika 5 bila kuongea, na simu weka chini. Kama umekunywa chai au kahawa au umepanda ngazi mbio, sema, msubiri nusu saa. Mkono utoke kwenye nguo kabisa, sio sweta limekunjwa limebana juu ya kiwiko, alafu ulazwe juu ya meza ili mkanda wa mashine uwe usawa wa moyo. Mkono ukining'inia chini namba inapanda ya uongo. Mkanda nao ukiwa mdogo kwa mama mwenye mkono mnene namba inapanda ya uongo pia, na ukiwa mkubwa kwa mama mwembamba inashuka. Kwenye mikanda mingi kuna mstari na alama ya kuonyesha kama mkono wako umeingia ndani ya kipimo, angalia hiyo alama. Hudhurio la kwanza pimwa mikono yote miwili.

Ikisoma 140/90 usiruhusu mtu aandike 138/88 kwa huruma ili usiogope, na wewe usiombe hivo. Pumzika, rudia. Ikisoma 160 kwa juu au 110 kwa chini, hakuna kwenda nyumbani kusubiri masaa 4, inarudiwa baada ya dakika chache na dawa inatakiwa ianze ndani ya saa moja, kwa sababu hapo hofu sio degedege tu, ni mshipa wa kichwa kupasuka.

Mwenye uwezo nunua mashine ya mkono wa juu (ya kifundo haiaminiki sana), ipeleke kliniki siku moja ilinganishwe na ya kwao, alafu andika namba kwenye daftari asubuhi na jioni pamoja na tarehe. Familia nne tano za mtaa mmoja mnaweza kuchanga mkanunua moja.

Hatua ya 6: Mkojo na damu

Kile kijiti cha mkojo kina kiboksi cha protini ambacho kikikutana na protini kinatoka njano kinaelekea kijani, na kijani ikikolea ndo protini nyingi. Moja ya kujumlisha (1+) inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au uchafu wa ukeni umeingia, kwaiyo jisafishe, mkojo wa mwanzo uache uende chini, kinga wa katikati. Mbili za kujumlisha pamoja na presha, hiyo inachukuliwa kama prieklampsia mpaka ithibitishwe vingine.

Ila mkojo safi haukuachii huru. Siku hizi daktari anaweza kusema una prieklampsia bila protini kabisa, akiona chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) zimeshuka chini ya 100,000, au vipimo vya ini vimepanda mara mbili, au figo zimeanza kuchoka. Kwaiyo ukiwa na presha mpya baada ya wiki ya 20, omba damu ipimwe: chembe sahani, ini, figo. Kuna kipimo pia cha ile protini ya kondo, sFlt-1, ikilinganishwa na protini nyingine ya kondo inayoitwa PlGF uwiano ukiwa 38 au chini, uwezekano wa kupata prieklampsia ndani ya wiki moja ni mdogo sana, huko Ulaya kinatumika, kwetu bado ni wachache wanaokipata.

Hatua ya 7: Dawa za presha ukiwa na mimba

Kama unatumia enalapril, captopril, losartan au ndugu zao, na umekosa siku zako, wahi kwa daktari wiki hiyo hiyo ubadilishiwe. Hizo zinaharibu figo za mtoto tumboni. Lakini usiache tu dawa ukakaa mikono mitupu, badilisha.

Zinazotumika ni methyldopa (wengi wanaijua kama Aldomet), nifedipine ya kutoka taratibu, na labetalol. Kule Nagpur, India, walizilinganisha zote tatu kwa kumeza kwa wanawake wenye presha kali, majibu yakatoka 2019, zote zilishusha presha kwa wengi na nifedipine ikaongoza kidogo. Na wale wenye presha ya siku nyingi isiyo kali, zamani waliachwa bila dawa wakiogopa mtoto atadumaa, mpaka utafiti wa Marekani wa 2022 wa wanawake 2,408 ukaonyesha kuishusha chini ya 140/90 kunapunguza matatizo kutoka 37% hadi 30.2% na watoto hawakuzaliwa wadogo zaidi. Kwaiyo ukiambiwa “150 sio mbaya, tuiache”, uliza kwa heshima kama huwezi kuanzishiwa dawa.

Hatua ya 8: Dalili za kukutoa nyumbani usiku huo huo

Kichwa kinachouma na panadol haikigusi. Macho kuona nyota, ukungu, au giza. Maumivu kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, na hapa nawasihi jamani, baada ya wiki ya 20 msiite kila maumivu ya hapo vidonda vya tumbo mkanywa dawa ya gesi mkalala. Uso na mikono kuvimba ghafla mpaka pete haitoki. Kupumua kwa shida. Mtoto kupunguza kucheza. Miguu kuvimba jioni peke yake ni kawaida kwa wengi, lakini pima presha ndo useme ni kawaida.

Akidondoka degedege: mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vigumu karibu, usimkandamize, usimwekee kijiko wala kitambaa wala kitu chochote mdomoni, usimnyweshe maji. Ikiisha mwacheni ubavu, mtafute usafiri, na kituo cha kwanza chenye magnesiamu (dawa ya kuzuia degedege, nitaieleza hatua ya 9) kipigiwe simu. Kwaiyo namba ya bodaboda sio mpango, tafuta mapema mwenye gari mtaani na muongee nae akiwa na nafasi, mume aweke akiba ya mafuta.

Hatua ya 9: Ukifika hospitali

Dawa ya kuuliza kwa jina ni magnesiamu salfeti. Mwaka 1995 utafiti wa wanawake karibu 1,700 walioshapata degedege uliishindanisha na diazepam na phenytoin, ikazishinda zote mbili kwa kuzuia degedege kurudi. 2002 ukaja utafiti wa Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, wenye prieklampsia ambao hawajadondoka, na waliopewa magnesiamu degedege ilipungua kwa zaidi ya nusu, 0.8% dhidi ya 1.9%. Ikiingia utasikia joto linapanda mwili mzima mpaka usoni, na sindano za makalio zinauma kweli, ni kawaida. Nesi atakuwa anakuja kugonga goti lako na kihamari kidogo, anahesabu unavyopumua na anapima mkojo kwenye mfuko, kwa sababu goti likiacha kuruka ndo dalili ya kwanza dawa imezidi, na dawa ya kuipooza ipo, ni calcium gluconate. Ndugu uliyekaa na mgonjwa, ukiona masaa yamepita hakuna aliyekuja kugonga goti, nenda kamwite.

Magnesiamu inazuia degedege, haiponyi. Kinachoponya ni kondo kutoka. Mimba ikifika wiki 37 na una prieklampsia hakuna faida ya kusubiri, utaanzishiwa uchungu, na kuanzishiwa sio lazima kuishie kwenye upasuaji, wengi wanazaa kawaida. Kabla ya wiki 34, kama hali yako imetulia, watajaribu kununua muda, utachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na kulazwa uangaliwe. Hali ikibadilika watatoa mtoto hata kama ni mdogo, na huo ni uamuzi mzito ambao familia inatakiwa iusikie ikiwa pamoja, sio mama peke yake kitandani.

Hatua ya 10: Baada ya kujifungua usivue viatu

Presha mara nyingi inapanda juu kabisa siku ya 3 mpaka ya 6 baada ya kuzaa, yani ukiwa umeshatoka wodini, nyumba imejaa wageni wanaokuja kumuona mtoto na supu inachemka. Degedege inaweza kuja hapo, hata kwa mama ambaye mimba nzima hakuwa na presha. Dalili za hatua ya 8 zinaendelea kuhesabika mpaka wiki 6. Pimwa presha ndani ya siku 3, rudia ndani ya wiki ya kwanza, na dawa usiache kwa sababu umejisikia nafuu, zinapunguzwa taratibu na daktari. Methyldopa wengi wanabadilishiwa baada ya kuzaa kwa sababu inaweza kumletea mama huzuni kubwa (sonona), na hapo enalapril inaruhusiwa hata ukiwa unanyonyesha, ila sasa weka uzazi wa mpango maana mimba ikiingia tena bila kujua ukiwa bado unameza enalapril tunarudi kwenye shida ya hatua ya 7.

Wiki ya 6 wakati unampeleka mtoto chanjo, panda na wewe kwenye kiti upimwe presha na mkojo. Ikiwa bado iko juu baada ya wiki 12, hiyo sasa ni presha yako ya kudumu, ianze kutibiwa. Na hata ikirudi sawa, aliyewahi kupata prieklampsia ana hatari kama mara mbili ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huko mbele, kwaiyo presha ipimwe angalau mara moja kwa mwaka, sukari pia. Kadi ya kliniki piga picha kurasa zote zibaki kwenye simu yako na ya mume, kwa sababu mimba ijayo nesi atakuuliza ilianza wiki ya ngapi na ilifika ngapi, na kwa majibu hayo ndo utaandikiwa aspirini wiki ya 12.